Bidoni ya nani iko mbele? Maneno juu ya mbunge mmoja wa Marekani, mto Colorado, na kiu yetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kartie, siku ya mazungumzo juu ya maji

  Tunajua wengine wenu mumeacha bidoni kwenye mulongo ili mufike hapa, na mumemwambia jirani awalindie nafasi. Tutajaribu tusiwacheleweshe.

Juma iliyopita tulibishana sana kati yetu. Dada mmoja aliuliza swali dogo tu: «Depite anaweza kufanya nini juu ya maji?» Nusu yetu tulijibu: hakuna. Eti nguvu yote iko kwa presidenti na mawaziri, depite ni mtu wa kupiga makofi na kupokea mshahara. Nusu ingine tukasema: depite ni yule anakuja wakati wa kampanye, anachimba kisima kimoja, anapakaza jina lake juu yake, na fulana kwa vijana. Kumbe wote tulikuwa tunakosea. Wa kwanza wanampunguzia depite kazi yake, wa pili wanamgeuza kuwa fundi wa robine. Na wote wawili wanamwachilia huru, maana mtu ambaye hana kazi hawezi kuulizwa chochote.

Ndiyo maana leo tunataka tuzungumze juu ya mbunge mmoja. Si wa kwetu. Tumechagua wa mbali makusudi, ili mtu asiseme tunamtetea wa kabila yake ao tunamchafua wa chama kingine. Anaitwa Wayne Aspinall, mbunge wa Marekani, wa jimbo la Colorado. Alikaa Bungeni miaka 24, toka 1949 mpaka mwanzo wa 1973. Hakuwa presidenti, hakuwa waziri. Lakini kwa maji ya magharibi ya Marekani, kuko mawaziri wengi waliopita ambao hawakuacha alama kama yake. Hatukuja kumsifu, wala kumlaani. Tunataka kufungua mashine tuone namna inafanya kazi.

Kwanza, mto wenyewe

Mto Colorado unatoka kwenye milima ya Rocky, unashuka karibu kilometa 2,300, unapita katika nchi kavu, unaingia Mexico. Majimbo saba ya Marekani yanakunywa humo. Leo watu karibu milioni 40 wanautegemea, pamoja na miji mikubwa kama Los Angeles, Phoenix, Las Vegas na Denver, na mashamba mengi sana.

Mutafikiri ni mto mkubwa. Hapana. Mto wetu Congo unamwaga baharini karibu mita za ujazo 40,000 kila sekunde. Maji ambayo Colorado inaleta mwaka muzima, Congo inayapitisha chini ya juma moja. Chini ya juma moja, wandugu! Wao kwa kijito kile wamepigana miaka mia moja na maavoka, mahakama na sheria, na watu milioni 40 wanafungua robine. Sisi na mto kama huu, na maziwa, na mvua ambayo haiishi, tunalala na bidoni tupu. Basi shida yetu si Mungu kutunyima maji. Maji iko. Kinachokosekana ni maamuzi ya watu.

Kule kwao kuko sheria moja ya zamani ambayo nyinyi munaijua vizuri kuliko profesa yeyote. Ni sheria ya mulongo. Mwenye kuweka bidoni wa kwanza, ndiye anachota wa kwanza. Maji ikipunguka, wa mwisho anarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama ana watoto kumi. Magharibi ya Marekani, mwenye kuchukua maji ya mto wa kwanza na kuyatumia, haki yake iko mbele ya wote watakaokuja nyuma.

Sasa fikirini. California ilikuwa inakua haraka sana. Iko chini ya mto, lakini ina makuta, ina watu, ina mashamba. Majimbo ya juu, kama Colorado, ndiko maji yanatoka, lakini walikuwa wachache na wenye kuchelewa. Wakaogopa: California itaweka bidoni zake zote mbele, na sisi wenye chemchemi tutabaki wa mwisho. Mwaka 1922 wakaandika mapatano, mto ukagawanywa sehemu mbili. Majimbo ya juu yakapewa haki ya kilometa za ujazo 9.25 kwa mwaka, ya chini vilevile 9.25. Mwaka 1944 wakaongeza ya Mexico, karibu 1.85. Jumlisheni: zaidi ya 20. Lakini wale wa 1922 walikuwa wamehesabu kwa kutazama miaka ya mvua nyingi. Mto hauna maji hayo yote. Tangu 2000 umeleta karibu 15 tu kwa mwaka. Waligawanya mukate ambao haukuwa mezani.

Na kuko jambo lingine. Wenyeji wa kwanza wa ile nchi, Wanavajo, Wahopi, Wauti na wengine, hawakuitwa kwenye kikao. Makabila 30 yanayotambuliwa na Leta yanaishi kwenye bonde la mto huo. Mwaka 1922 hakuna hata moja lililokalia kiti. Mushike neno hilo, tutalirudia.

Mtu wa matunda na wa karatasi

Aspinall alizaliwa mwaka 1896. Akiwa mtoto wa miaka nane familia yake ilihamia Palisade, mji mdogo wa Colorado unaojulikana kwa matunda ya mipichi. Mahali pale bila mfereji hakuna tunda. Mtoto anakua akijua: mfereji ukikauka, nyumba yetu imekwisha. Alikuwa mwalimu, akasomea sheria, akafanya kazi ya matunda, akaingia bunge la jimbo lake, mpaka akafika Washington.

Alipofika hakutafuta kusimama mbele ya kamera. Aliomba komisyoni. Bunge la Marekani, kama la kwetu, linagawanya kazi katika komisyoni. Sheria haiendi kwenye kikao kikubwa mpaka komisyoni imeitazama. Aspinall akaingia ile inayoshughulika na ardhi ya Leta, mabaraji na mifereji. Mwaka 1959 akawa presidenti wa komisyoni hiyo, na akakaa hapo miaka 14.

Musikilize vizuri namna nguvu yake ilifanya kazi. Presidenti wa komisyoni ndiye anapanga siku ya kusikiliza watu. Asipopanga, sheria inalala. Haikatazwi, haipigiwi kura, haipingwi. Inalala tu ndani ya sanduku. Hakuna anayeandikwa kwenye gazeti kwamba ameiua. Aspinall alijua kila kifungu, kila takwimu, kila baraji. Wabunge wenzake walimwogopa kwa sababu alikuwa amesoma karatasi ambazo wao hawakusoma. Hiyo ndiyo siri yake kubwa, wandugu: alisoma.

Mfano ni sheria ya kulinda misitu na nchi ambazo hazijaguswa. Wenye kuitaka walipigana miaka mingi. Senate ikapitisha mwaka 1961. Ilipofika kwa Aspinall, ikakwama. Ilibidi kuzungumza naye, kukubali mashariti yake, mfano wachimbaji wa madini kuendelea kutafuta ndani ya maeneo yale kwa miaka kadhaa. Ndipo ikapita, 1964. Mtu mmoja wa mji wa matunda alisimamisha jambo ambalo Senate ilishakubali.

Mabaraji

Tukisema baraji hapa, musifikiri ile ya barabarani ya kamba na makuta. Tunasema ukuta wa kufunga mto.

Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kujenga mabaraji makubwa kwa majimbo ya juu. Aspinall alikuwa mmoja wa waliolisukuma jambo hilo. Fikra yake ilikuwa wazi: kama hatuweki maji yetu kwenye gudulia, yatashuka California, na siku moja watasema ni yao. Baraji kwake ilikuwa namna ya kuweka bidoni kwenye mulongo.

Lakini kwenye mpango kulikuwa baraji moja, Echo Park, ndani ya hifadhi ya taifa. Raia wakasimama: walimu, watembea milima, mamaa wa nyumbani, vyama vidogo. Waliandika barua nyingi sana kwa wabunge. Walifanya hesabu za mainjinia wa Leta upya, wakakuta makosa juu ya maji yanayopotea kwa jua. Wakashinda: Echo Park ikaondolewa. Watu wasio na silaha, wasio na viti, walimrudisha Bunge nyuma kwa kalamu na hesabu.

Sasa sikieni upande mwingine, maana hatukuja kuwadanganya. Kwa kupata hiyo, walinyamaza juu ya baraji ingine, Glen Canyon, mahali ambapo wengi wao walikuwa hawajafika. Ilijengwa, ikafunga maji mwaka 1963, na bonde zuri likazama. Kiongozi wao mmoja, David Brower, alijuta mpaka uzee wake. Somo ni hili: ukiketi kuzungumza na wakubwa, usikubali kuuza mahali ambapo hukupajua. Kartie isiyo na msemaji kwenye kikao ndiyo inakuwa bei.

Na tuwe wa haki kwa Aspinall. Mwaka 1962 sheria ya Fryingpan-Arkansas iliruhusu maji kutoka upande wa magharibi wa Colorado kupita chini ya milima kwenda upande wa mashariki, kwenye miji na mashamba mengine. Upande wake ulidai: munaochukua maji yetu, kwanza mutujengee ghala letu. Baraji ya Ruedi ikajengwa kama malipo kwa bonde lililotoa maji. Hiyo si tendo dogo. Wangapi kwetu wanachukuliwa maji, umeme, mbao, madini, bila hata kujengewa bomba moja?

Wazee wawili na jimbo moja lenye kiu

Hadithi kubwa ni ya Arizona. Arizona iko jangwani. Toka miaka ya 1940 walitaka mfereji wa kupandisha maji ya Colorado mpaka Phoenix na Tucson. Senate ilikubali mwaka 1950, tena 1951. Chumba cha wabunge kikakataa: mumalize kwanza kesi yenu na California. Arizona ikaenda mahakamani mwaka 1952. Kesi ikachukua miaka kumi na moja. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ikasema Arizona ina haki yake.

Wakashangilia. Lakini haki kwenye karatasi si maji kwenye robine. Nani hapa hajui hilo? Ilibaki sheria ya kujenga na makuta ya kujenga. Na njia ilipita kwenye meza ya Aspinall.

Upande wa Arizona kulikuwa mzee mwingine, Carl Hayden. Aliingia Bungeni mwaka 1912, mwaka ule Arizona ilipokuwa jimbo, akabaki mpaka mwanzo wa 1969. Miaka 57! Alikuwa presidenti wa komisyoni ya Senate inayogawa makuta. Mmoja alishika mlango wa sheria, mwingine alishika mfuko.

Agosti 1967 Senate ilipitisha sheria ya mfereji. Aspinall akasema komisyoni yake imemaliza kazi ya mwaka, akaenda kwao Colorado. Ndivyo tu: aliondoka. Hayden akatoa tisho: kama ni hivyo, nitaubandika mfereji wangu kwenye sheria ya bajeti ya kazi za umma, ipite bila kupitia kwako. Aspinall akarudi mezani. Mwanzo wa 1968 komisyoni ikafungua tena jambo lile.

Bei ikawa hivi. Kwa Aspinall: miradi mitano ya maji ya jimbo lake Colorado iingie katika sheria ileile, kwa wakati mmoja na mfereji wa Arizona. Kwa California: sehemu yake ilindwe kwanza. California ilikuwa na wabunge 38, Arizona watatu tu. Arizona ikakubali kwamba ukame ukija, mfereji wake utakatwa kabla California haijaguswa. Kwa maneno yetu: ilikubali kuweka bidoni yake nyuma ya California, milele, ili tu iingie kwenye mulongo. Presidenti Johnson alitia sahihi tarehe 30 Septemba 1968. Hayden alibakiza siku mbili atimize miaka 91.

Mfereji ukajengwa toka 1973 mpaka 1993. Una urefu wa kilometa 540 hivi, na ulikula zaidi ya dola milyari 4. Na ile sahihi ya 1968 ikasubiri. Agosti 2021 Leta ya Marekani ikatangaza kwa mara ya kwanza kwamba maji ya chini ya mto hayatoshi. Mwaka 2022 Arizona ikakatwa karibu sehemu moja juu ya tano ya haki yake. Wakulima wa kati ya Arizona wakaacha mashamba wazi. California haikukatwa. Watu waliotia sahihi walishakufa wote. Waliolipa walikuwa hawajazaliwa, ao walikuwa watoto. Ndiyo maana tunawaambia musiseme «mimi siasa hainihusu». Kifungu kimoja kinaweza kukusubiri miaka 53.

Raia tena, na wale wasioitwa

Katika mpango ule wa Arizona kulikuwa pia mabaraji mawili kwenye Grand Canyon, lile bonde linalojulikana dunia nzima. Umeme wake ungeuzwa kulipia mfereji. Safari hii Brower na wenzake wa Sierra Club hawakutaka kubadilishana na mtu. Juni 1966 walilipa kurasa nzima kwenye magazeti, wakaita raia waandike kwa wabunge. Siku iliyofuata, watu wa kodi wa Leta wakawaandikia kwamba hadhi yao ya kodi iko hatarini. Munaona? Hata kule kuko mambo ya namna hiyo. Lakini kitisho kikawageukia: watu wakakasirika, barua zikamiminika, wanachama wakaongezeka. Mabaraji yale mawili yakatolewa katika sheria.

Tena, tusiishie kwenye kushangilia. Umeme wa kupandisha maji ulitoka wapi basi? Ulitoka kwenye makaa. Kiwanda cha umeme kikajengwa karibu na Page, kwenye ardhi ya Wanavajo, kikachoma makaa ya Black Mesa, ardhi ya Wanavajo na Wahopi. Moshi ukabaki kwao, maji yakaenda Phoenix. Kiwanda kilifungwa mwaka 2019. Na mpaka leo nyumba nyingi za Wanavajo hazina maji ya bomba. Watu wanajaza mapipa kwenye gari, wanasafiri mbali kutafuta maji ya kunywa, ndani ya nchi tajiri kuliko zote. Mwaka 2023 walikuwa mbele ya Mahakama Kuu, wakiomba Leta ilazimishwe kuhesabu mahitaji yao ya maji na kupanga namna ya kuyatimiza. Walishindwa kwa majaji 5 juu ya 4.

Tuliposoma hayo, kuko dada kati yetu alinyamaza, halafu akasema: «Kumbe bidoni yetu na pipa lao ni ndugu.» Ndiyo. Asiyekuwa kwenye kikao cha 1922 anasafiri na pipa mwaka huu.

Mwisho wa mzee

Nguvu ile haikuwa ya milele. Mipaka ya jimbo lake la uchaguzi ilichorwa upya, akapata wapigakura wa mjini wasiomjua. Vijana wa mazingira walikuwa wametoa orodha ya wabunge 12 waliowaita wachafu, jina lake likiwemo. Mwaka 1972 alishindwa na mtu wa chama chake mwenyewe, kwenye uchaguzi wa ndani. Wale waliokuwa wanaandika barua miaka ya 1950 walikuwa wamekomaa.

Na ile miradi mitano aliyoipigania? Miwili, Dolores na Dallas Creek, ilijengwa. Miwili, San Miguel na West Divide, haikujengwa kamwe. Wa tano, Animas-La Plata, ulingoja zaidi ya miaka thelathini, ukapunguzwa sana, na mwishowe ukafanywa hasa ili kutimiza haki za maji za Wauti. Ghala lake lilianza kujazwa mwaka 2009. Angalieni namna jambo linageuka: mradi uliowekwa kwa ajili ya wakulima ukafika mwisho kwa sababu wenyeji walikuwa na haki ya zamani kuliko wote, na hawakuacha kuidai.

Somo jingine hapo: sheria inayosema «mradi unaruhusiwa» si sheria inayosema «makuta haya hapa». Ni milango miwili. Depite akikuambia mradi umepita, muulize: umepita mlango gani?

Sasa turudi nyumbani

Hatuna haja ya kuiga mabaraji yao. Lakini vyombo vya kazi ambavyo Aspinall alitumia, Bunge letu linavyo pia.

Katiba yetu, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi ya kunywa na umeme inahakikishwa. Si zawadi ya kampanye. Tuko na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, inayopa provinsi na serikali za chini sehemu katika kazi ya maji. Maana yake depite wa provinsi hawezi tena kutuambia «hiyo ni ya Kinshasa» halafu akafunga kioo cha gari.

Kifungu cha 138 kinawapa wabunge njia za kumhoji waziri na wakubwa wa kampuni za Leta: swali la mdomo ao la maandishi, interpelasyoni, komisyoni ya uchunguzi, kuwaita mbele ya komisyoni. Na kikao cha Septemba ndicho cha bajeti: toka tarehe 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Makuta ya bomba yanawekwa ao yanasahauliwa katika miezi hiyo mitatu. Sisi tunaamka wapi? Januari, robine ikiwa imekauka.

Basi tunapendekeza maswali matano. Muyaandike kwenye simu, siku depite wa taifa ao wa provinsi akija kwenye kartie mumuulize kwa heshima, bila matusi, lakini muombe jibu:

Moja: papa, ao mama, uko katika komisyoni gani? Asipojua, mumeshapata jibu.

Mbili: umemuuliza waziri swali gani juu ya maji ya mji wetu, tarehe ngapi, na alijibu nini?

Tatu: kwenye bajeti iliyopita, mustari gani ni wa maji yetu? Umeandikwa ngapi, umetolewa ngapi?

Ine: bomba hili jipya linaanza kartie gani, linaishia wapi? Maji ikipunguka, nani anakatwa wa kwanza?

Tano: nani alikuwa kwenye kikao walipoamua? Kulikuwa mama yeyote anayebeba maji?

Swali la ine ndilo gumu kuliko yote. Wakubwa wanapenda kusema «maji kwa wote». Neno tamu. Lakini mulongo haudanganyi: iko wa kwanza na iko wa mwisho. Kama hatuulizi mpangilio wakati karatasi iko mezani, tutaujua siku ya kiangazi, usiku saa tisa, wadogo zetu wa kike wakiwa njiani na bidoni gizani. Na nyinyi munajua kinachowapata gizani. Hatuhitaji takwimu kwa hilo.

Tena kuko kifungu cha 27. Kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mamlaka pétition, na mamlaka inapashwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu, si «tutaona». Hii ndiyo kalamu yetu ya Echo Park. Lakini mukumbuke: wale hawakushinda kwa kelele peke yake. Walishinda kwa sababu walishika hesabu ya Leta, wakaifanya upya, wakaonyesha kosa. Kwa hiyo kazi yetu inaanza na daftari. Kila avenyi ichague watu wawili. Waandike kwa mwezi muzima: maji ilitoka siku ngapi, saa ngapi, bidoni iliuzwa franka ngapi, mtoto gani alikosa masomo kwa sababu ya kuchota. Bila jina la mtu, kwa ukweli tu. Siku tutakapopeleka barua yetu, tusipeleke hasira peke yake. Hasira wanaizoea. Daftari hawajaizoea.

Mtu atasema: munaota, depite wetu si Aspinall. Kweli. Wengine hawasomi hata sheria wanayopigia kura. Lakini Aspinall naye hakuwa malaika. Alikuwa mtu anayejua wanaomchagua wanataka nini: mfereji. Walimdai mfereji kila mwaka, miaka 24, naye akawa mtu wa mfereji. Sisi tunawadai nini wetu? Kama tunawadai fulana na bia, watakuwa watu wa fulana na bia. Kosa ni lao, ndiyo. Lakini dai ni letu.

Tunamaliza. Bidoni zenu ziko kwenye mulongo, na tunajua jirani anachoka kulinda. Mukirudi kule, mutazame ule mulongo kwa macho mapya. Kila bidoni pale imewekwa nafasi yake na mtu fulani aliyefika mapema. Kwenye maofisi pia kuko mulongo, na nafasi za kartie zetu zinapangwa na watu walioamka mapema kuliko sisi. Septemba hii, tuamke mbele yao.

Tuko pamoja. Kuraje.